Sharubati ya kipupwe: Matunda peke yake hayaleti kinga, tazama na maji

KILA mwaka msimu wa kipupwe unapobisha hodi, kati ya Juni na Agosti, ushauri kuhusu sharubati nzito za matunda zinazodaiwa kuimarisha kinga ya mwili huenea kama moto wa nyika. Vijana wa mjini huziita smuthi. Sehemu kubwa ya ushauri huo hutoka ng'ambo, katika nchi ambako baridi huwa kali hadi theluji ikaanguka, na matunda yanayotajwa ni yale ya huko, ambayo hapa kwetu hupatikana katika maduka makubwa tu na kwa bei ya kuumiza.

Mkazi wa Manyatta, mojawapo ya mitaa yenye watu wengi zaidi mjini Kisumu, akisikia ushauri wa aina hiyo ana haki ya kujiuliza maswali matatu. Je, mambo haya yanamhusu yeye aishiye karibu na Ikweta? Je, ni kweli kwamba glasi ya matunda yaliyosagwa humkinga mtu dhidi ya maradhi? Na iwapo ni kweli, aiandae vipi kwa kutumia vitu vinavyouzwa Kondele na Kibuye, bila kumaliza fedha za unga?

Makala haya yanajibu maswali hayo moja baada ya jingine. Msomaji ataona kwamba sharubati nzuri haina gharama kubwa, na kwamba matunda ya kwetu hayashindwi na ya ng'ambo. Ataona pia kwamba katika mtaa kama Manyatta, jambo linaloamua iwapo kinywaji hicho kitaleta afya au kitaleta ugonjwa ni maji yaliyotumika kukitengeneza.

Kipupwe cha ziwani

Kisumu iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria. Baridi inayowatetemesha wakazi wa Limuru au Nyandarua mwezi wa Julai haifiki hapa kwa ukali huo. Mchana jua huendelea kuwaka na joto kukaribia nyuzi 28 au zaidi, ingawa usiku na alfajiri hushuka hadi kadiri ya nyuzi 17. Kinachosumbua zaidi ni mvua, hasa ile ya masika kuanzia Machi hadi Mei, na ile ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Hata hivyo, mafua hayangojei theluji. Yanasababishwa na virusi, wala si baridi yenyewe. Virusi hivyo hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine kwa njia ya makohozi, chafya na mikono michafu. Mvua inyeshapo au hewa ikiwa baridi, watu hujifungia ndani, madirisha hufungwa, na katika nyumba ya chumba kimoja yenye watu sita mmoja akikohoa wote huvuta hewa ile ile. Uchunguzi uliofanywa humu nchini kwa miaka mingi umeonyesha kwamba virusi vya homa ya mafua huzunguka Kenya karibu mwaka mzima, tofauti na nchi za baridi ambako huvuma katika msimu mmoja tu.

Kwa hivyo, mkazi wa Manyatta hana sababu ya kungoja kipupwe ndipo aanze kuujali mwili wake. Lishe inayosaidia kinga inahitajika Januari sawa na Julai.

Nini kinachojenga kinga?

Kinga ya mwili ni mfano wa jeshi. Kwanza kuna ukuta: ngozi pamoja na utando laini wa pua, koo, mapafu na utumbo. Vijidudu vikiupenya ukuta huo hukutana na askari, yaani chembechembe nyeupe za damu, ambazo nyingine huvimeza na nyingine hutengeneza kingamwili za kuvitambua siku vitakaporejea.

Jeshi hilo linahitaji chakula cha aina nyingi. Vitamini A husaidia kuutunza ule utando wa ndani. Vitamini C hutumiwa na chembechembe nyeupe zinapopambana, na pia husaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga na nafaka. Madini ya zinki huhitajika ili chembechembe hizo ziongezeke. Protini ndiyo tofali la kujengea askari na kingamwili zenyewe.

Msomaji atatambua mara moja kwamba matunda hayawezi kuyatoa haya yote. Matunda yana vitamini C kwa wingi, na baadhi yana vitamini A, lakini yana protini na zinki kidogo mno. Mtu anayekunywa sharubati asubuhi na kulala bila chakula cha maana amelipa jeshi lake mshahara nusu. Omena, samaki, maharagwe, mayai, maziwa na njugu ndivyo vinavyojaza pengo hilo, na kwa bahati njema omena ni chakula cha nyumbani katika ufuo mzima wa ziwa hili.

Sifa za vitamini C na ukweli wake

Umaarufu wa vitamini C una historia ndefu. Mnamo 1747, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwapa mabaharia waliougua hijabu, ugonjwa wa kutokwa damu kwenye fizi, tiba za aina mbalimbali ili azilinganishe. Waliopewa machungwa na ndimu ndio waliopata nafuu haraka. Karibu karne mbili baadaye, mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1937 kwa utafiti uliohusu vitamini hiyo.

Kisha, mwaka 1970, mwanakemia wa Marekani Linus Pauling alichapisha kitabu kilichodai kwamba vitamini C kwa kiasi kikubwa huzuia mafua. Kwa kuwa Pauling alikuwa mshindi wa Tuzo za Nobel mbili, dunia ilimsikiliza na vidonge vikauzwa kwa mamilioni.

Watafiti wengine waliamua kuyapima madai hayo. Mapitio ya mwaka 2013 yaliyochapishwa na shirika la Cochrane yalikusanya majaribio 29 yaliyohusisha watu zaidi ya 11,000. Ilibainika kwamba kumeza vitamini C kila siku hakukupunguza idadi ya watu wa kawaida waliopatwa na mafua. Kilichopungua ni muda wa kuugua: takriban asilimia 8 kwa watu wazima na asilimia 14 kwa watoto. Kwa lugha nyepesi, mafua ya siku saba kwa mtu mzima yalipungua kwa kadiri ya nusu siku. Nao walioanza kumeza vidonge baada ya kuanza kuugua hawakupata faida ya kutegemewa.

Maana ya matokeo haya ni kwamba sharubati si dawa ya mafua. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwili haupungukiwi na kitu unachokihitaji. Aliyepungukiwa atafaidika sana. Aliyeshiba vitamini tayari hatapata nguvu za ziada kwa kuongeza glasi nyingine. Tahadhari hii inafaa kukumbukwa, maana wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020 watu wengi waliweka tumaini lao katika tangawizi, limau na kitunguu saumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lililazimika kutoa taarifa kwamba kitunguu saumu, ingawa ni chakula chenye manufaa, hakijathibitika kuzuia ugonjwa huo.

Matunda ya Kibuye hayana aibu

Kwa mujibu wa mapendekezo ya WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), mtu mzima anahitaji takriban miligramu 45 za vitamini C kwa siku, mama mjamzito 55, na anayenyonyesha 70. Kiasi hiki ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

Anayekwenda soko la Kibuye, Jubilee au vibanda vya Kondele ana hazina kubwa mbele yake. Gramu 100 za mapera zina vitamini C ya takriban miligramu 220, yaani zaidi ya mara nne ya ile iliyomo katika chungwa, ambalo lina kama 53. Papai lina takriban 60, nanasi 48, embe 36 na karakara 30. Ndizi na parachichi zina kama 10 tu, lakini huifanya sharubati kuwa nzito na ya kushibisha.

Ajabu ni kwamba pera, tunda ambalo watoto hulichuma mtini na ambalo wageni hawaandaliwi kwa sababu laonekana la kimaskini, ndilo bingwa wa wote. Pera moja dogo lililoiva latosha kumpa mtu mzima vitamini C ya siku nzima.

Kuna kiungo kingine ambacho wengi hawakifikirii katika sharubati: kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, ambacho wengine hukiita kiazi lishe. Rangi yake hutokana na kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja kidogo, zaweza kutosheleza mahitaji ya siku ya vitamini A kwa mtoto aliye chini ya umri wa kwenda shule. Viazi hivi vimesambazwa kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya, na kazi hiyo ilitambuliwa mwaka 2016 pale Tuzo ya Chakula Duniani ilipotolewa kwa wanasayansi wanne, miongoni mwao Mganda Robert Mwanga. Kiazi hicho kikichemshwa, kikamenywa na kupozwa, husagika na kuwa laini kama ndizi.

Jambo la kwanza ni maji

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Ushauri wa sharubati unaotoka ng'ambo husema tu "ongeza maji" au "tia barafu", kwa kuwa mwandishi wake anajua kwamba maji ya bomba lake ni salama. Manyatta si huko.

Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, husafisha maji ya ziwa katika mtambo wa Dunga na ya mto katika mtambo wa Kajulu. Lakini si kila nyumba ina bomba, na maji yakikatika au fedha zikipungua, familia nyingi hugeukia visima vifupi vilivyochimbwa kwa mikono uani. Katika mitaa kama Manyatta, visima hivyo viko katika viwanja vile vile vyenye vyoo vya shimo. Watafiti wamevipima mara kadhaa na kukuta vijidudu vya kinyesi, kwani maji ya ardhini hayako mbali na uso wa nchi, na mvua kubwa ikinyesha uchafu husafiri upesi zaidi. Maji yaonekanayo meupe ndani ya ndoo yaweza kuwa yamebeba maradhi.

Eneo hili linajua vyema gharama ya maji machafu. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, mlipuko wa kipindupindu katika mkoa wa Nyanza wa wakati huo uliwafikisha hospitalini watu 14,275, na 547 kati yao wakafariki. Watafiti waliochunguza chanzo chake magharibi mwa Kenya waligundua kwamba walionywa maji ya ziwa, waliokula pamoja na mtu mwenye kuhara, na waliohudhuria karamu za matanga walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kipindupindu kimerejea nchini mara nyingi tangu wakati huo, ukiwemo mlipuko ulioanza Oktoba 2022.

Sasa fikiria sharubati yenyewe. Haipikwi. Chochote kilichomo katika maji, kwenye ganda la tunda, kwenye kisu au katika jagi, kitaingia tumboni kikiwa hai. Mtoto anayeharisha hupoteza maji, chumvi, zinki na virutubisho vingine, na kuhara kwa mara kwa mara huudhoofisha utumbo usiweze kufyonza chakula vizuri. Mama aliyemwandalia mwanawe glasi ya kinga kwa maji ya kisima ambayo hayakutibiwa huenda amempunguzia kinga ile ile aliyokusudia kumwongezea.

Namna ya kuyafanya maji yawe salama

Njia ya kwanza ni kuchemsha. Maji yakichemka kwa nguvu na kutoa mapovu makubwa kwa dakika moja yanatosha katika mwinuko wa Kisumu. Yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa, katika chombo kile kile yalimochemkia ikiwezekana.

Njia ya pili ni klorini, kama ile dawa ya maji inayouzwa madukani katika chupa ndogo au tembe. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, maji yakorogwe, kisha yaachwe kwa muda usiopungua nusu saa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hukosea. Klorini itiwe katika maji, kamwe isitiwe katika juisi. Vitamini C na nyama ya matunda huiharibu klorini haraka, kabla haijaua vijidudu. Kwa hivyo anayedhani ataokoa muda kwa kudondosha dawa ndani ya jagi la sharubati atakuwa amepoteza dawa, vitamini na usalama kwa mpigo mmoja.

Maji yaliyotibiwa yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba, ili mtu asichovye kikombe wala mkono. Wafinyanzi wa Nyanza wametengeneza mitungi ya udongo ya namna hiyo, inayohifadhi maji yakiwa baridi bila jokofu. Kuhusu barafu, kugandisha maji hakuui vijidudu vyote. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni uchafu uliogandishwa.

Jinsi ya kuandaa

Vipimo vifuatavyo vinatosha glasi nne kubwa, kwa familia ndogo.

Mahitaji ni papai lililoiva lenye nyama ya kadiri ya gramu 200, ambayo hujaza kikombe kimoja kikubwa. Mapera mawili madogo. Ndizi mbivu mbili. Kiazi kitamu kimoja kidogo cha rangi ya chungwa, kilichochemshwa na kupozwa. Glasi moja ya maziwa ya mala. Glasi moja ya maji yaliyotibiwa. Kijiko kimoja cha maji ya limau. Na kipande cha tangawizi kinacholingana na ncha ya kidole.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha kisu, ubao, jagi na glasi kwa sabuni, kisha visuuze kwa maji yaliyotibiwa.

2. Osha matunda yakiwa mazima, hata yale yatakayomenywa. Kisu kikipita kwenye ganda chafu hubeba uchafu hadi ndani. Usinunue papai au tikiti lililokwisha kukatwa kando ya barabara kwa ajili ya sharubati.

3. Saga mapera kwanza pamoja na maji, kisha uyapitishe katika chujio ili kuondoa mbegu zake ngumu. Matunda mengine yasichujwe, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ndizo zinazosaidia utumbo na kuzuia sukari kuingia katika damu kwa kasi.

4. Rejesha maji hayo ya mapera katika blenda, ongeza papai, ndizi, kiazi, tangawizi na limau, kisha saga kwa dakika moja au mbili.

5. Ongeza mala mwishoni na usage kwa muda mfupi. Mala huongeza protini, na mafuta yaliyomo husaidia mwili kufyonza vitamini A ya papai na kiazi.

6. Kunyweni mara moja. Vitamini C hupotea polepole ikipigwa na hewa, na pasipo jokofu vijidudu huanza kuzaana. Kilichobaki kwa zaidi ya saa mbili kimwagwe.

Kila glasi itakuwa na vitamini C ya takriban miligramu 90, yaani mara mbili ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, hata kabla ya kuhesabu chakula kingine. Itakuwa na sukari ya asili ya kadiri ya gramu 17, karibu nusu ya ile iliyomo katika chupa ya soda ya mililita 300. Usiongeze sukari. Ndizi mbivu zinatosha kuipa utamu.

Wasiokuwa na jokofu wataona kwamba mapishi haya hayalihitaji. Na wanaohofia gharama ya umeme watulie: blenda ya wati 400 ikitumika kwa dakika mbili hula umeme mdogo sana, kiasi kwamba yuniti moja ya tokeni yatosha kusagia zaidi ya mara 70.

Pasipo blenda

Nyumba isiyo na blenda, au siku ambayo umeme umepotea, haina haja ya kukosa. Chagua matunda laini: parachichi, ndizi iliyoiva sana na papai. Yaponde katika bakuli kwa uma au kwa mchi safi mpaka yalainike. Kamulia karakara mbili juu yake, ongeza mala na maji yaliyotibiwa, kisha tia mchanganyiko katika chupa safi yenye mfuniko mkubwa na uutikise kwa nguvu. Kinywaji kitakuwa na vipande vidogo vidogo, lakini thamani yake kwa mwili haipungui.

Wapendao kuongeza mboga wanaweza kutumia majani machache ya mchicha au sukuma wiki pamoja na nanasi na chungwa. Yaoshwe vizuri, yachovywe katika maji yanayochemka kwa dakika moja ili kuua vijidudu, kisha yasagwe. Vitamini C ya matunda itasaidia madini ya chuma ya majani kufyonzwa. Managu, ambayo Wajaluo huyaita osuga, yabaki chunguni. Hayo ni mboga ya kupikwa, si ya kunywewa mabichi.

Nani ajihadhari?

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji sharubati wala maji. Maziwa ya mama yanatosha, nayo yana kingamwili ambazo hakuna tunda lililo nazo. Baada ya miezi sita aanze kulishwa matunda yaliyopondwa kwa kijiko pamoja na vyakula vingine. Asali asipewe kamwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kubeba chembe za sumu hatari kwa watoto wachanga.

Wenye kisukari wanapaswa kujua kwamba tunda lililosagwa hunywewa upesi kuliko linavyotafunwa, na ni rahisi mtu kumaliza matunda manne kwa dakika mbili. Kwao ni afadhali kula tunda zima, au kunywa nusu glasi pamoja na mlo. WHO ilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, sawa na takriban gramu 50 kwa mtu mzima. Wenye ugonjwa wa figo nao wamwulize daktari kabla ya kutumia ndizi na parachichi kwa wingi, kwani yana potasiamu nyingi.

Wanaotumia dawa waangalie pia. Balungi huingilia utendaji wa baadhi ya dawa za presha na za kupunguza lehemu. Baadhi ya viuavijasumu havifyonzwi vyema vikimezwa pamoja na maziwa, hivyo ni vizuri kuuliza kwenye duka la dawa. Na wale wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi au za kifua kikuu wasidanganywe na yeyote kwamba sharubati inaweza kuchukua nafasi ya tembe zao. Lishe bora huzisaidia dawa kazi. Haiwezi kamwe kuzirithi.

Homa si ya kubahatishwa

Kisumu na ufuo wa ziwa ni eneo la malaria. Mtoto mwenye joto kali asidhaniwe kuwa na mafua tu na kuachwa anywe tangawizi kwa siku tatu. Apimwe. Vivyo hivyo, mtoto anayepumua kwa kasi, ambaye kifua chake huingia ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, au anayetapika kila kitu, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda ana nimonia, na nimonia haingojei.

Kuna kinga nyingine ambazo hazinunuliwi sokoni. Chanjo dhidi ya bakteria wanaosababisha aina kuu ya nimonia ilianza kutolewa kwa watoto nchini mwaka 2011, na ile ya kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota mwaka 2014. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Hizi ndizo zinazowafundisha askari wa mwili kumtambua adui kabla hajafika. Matunda huwapa askari hao chakula. Mzazi mwenye busara huhakikisha mwanawe amepata vyote viwili.

Kuanza leo

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Familia ya Manyatta inayotaka kujikinga wakati wa kipupwe, masika au kiangazi yaweza kuanza na mambo manne. Yatibu maji ya kunywa kila siku, hata siku ambayo hakuna sharubati. Weka sabuni karibu na choo na karibu na jiko. Hakikisha kadi ya chanjo ya kila mtoto imejazwa. Kisha, kwa fedha zitakazobaki, nunua mapera, papai na ndizi, na siku ya mshahara uongeze kiazi lishe na mala.

Mpangilio huo una sababu yake. Sharubati iliyoandaliwa kwa maji safi, katika nyumba yenye mikono safi, ni chakula chema chenye kuburudisha, na watoto wasiopenda matunda mara nyingi huipenda. Iliyoandaliwa kwa maji ya kisima kilicho hatua chache kutoka chooni, hata iwe na mapera kumi, ni hatari iliyotiwa utamu.